Haki ya Mnyama Asiyeweza Kusema

Imepokewa kutoka kwa Abdullah bin Jaafar (R.A.) kwamba siku moja Mtume Muhammad (S.A.W.) aliingia katika shamba la mtu mmoja miongoni mwa Ansari, na ndani yake alikuwamo ngamia. Ngamia yule alipomwona Mtume (S.A.W.) alitoa sauti ya huzuni na macho yake yakabubujika machozi. Mtume (S.A.W.) akamwendea, akampapasa nyuma ya masikio mpaka akatulia. Kisha akauliza ngamia huyo ni wa nani. Akaja kijana wa Kiansari, akasema kuwa ni wake. Hapo Mtume (S.A.W.) akamuonya amche Mwenyezi Mungu katika mnyama huyu aliyemilikishwa, kwani ngamia amemshitaki kuwa humshindisha na njaa na humchosha kwa kazi. Hadithi hii ameipokea Abu Daud.

Lipo jambo katika kisa hiki ambalo wasomaji wengi hulipita bila ya kulizingatia. Hadithi haisemi kwamba kijana yule alikuwa mtu katili. Haisemi kwamba alimpiga ngamia wake wala kwamba alimkata kiungo. Alikuwa ni mtu mwenye shamba na mnyama wa kazi, kama walivyokuwa watu wengi wa Madina, na alimwona ngamia wake asubuhi na jioni bila ya kuijua hali yake. Dhulma yake ilikuwa ni dhulma ya mtu asiyejua, na juu ya hivyo haikuachwa bila ya kukemewa.

Katika hadithi nyengine, Mtume (S.A.W.) alimpita ngamia ambaye tumbo lake limegandamana na mgongo kwa njaa, akawaamrisha watu wamche Mwenyezi Mungu katika wanyama hawa wasioweza kusema. Sifa hiyo ya kutoweza kusema ndiyo msingi wa somo hili. Mtu mwenye kiu husema, na mtoto mwenye njaa hulia mpaka nyumba nzima ikaamka. Mnyama hana ulimi wa kushitaki, na wengine wameumbwa wakiwa wepesi wa kuyaficha maumivu yao, kwani porini mnyama aliye dhaifu ndiye anayeliwa kwanza. Basi ni juu ya binadamu kuyajua mahitaji ya mnyama kabla ya kuambiwa, na njia ya kuyajua ni kuyatazama maumbile yake. Hapa yataelezwa maumbile ya baadhi ya wanyama wanaoonekana na familia zinazoishi Oman na nchi za Ghuba, ambayo wengi wetu tumeyasikia nusu nusu au tumeyasikia kwa makosa.

Ngamia na kiu yake

Katika Sura ya Al-Ghashiya watu wameelekezwa wamtazame ngamia namna alivyoumbwa, na ametajwa kabla ya mbingu, milima na ardhi. Kwa bahati mbaya, mengi yanayosemwa juu yake hayatokani na kumtazama. Watoto huambiwa kwamba nundu ya ngamia ni pipa la maji. Sivyo. Nundu ni mafuta, nayo ni akiba ya chakula. Ngamia aliyekaa na njaa muda mrefu nundu yake hulegea na kuinama upande mmoja, na mwenye kujua akiiona hiyo hana haja ya kuuliza zaidi.

Mnamo miaka ya 1950, mtaalamu wa maumbile ya wanyama aitwaye Knut Schmidt-Nielsen alikwenda na wenzake katika jangwa la Sahara nchini Algeria ili kuchunguza ni vipi ngamia huweza kustahimili siku nyingi bila ya maji. Waliyoyakuta ni ya ajabu. Mwili wa binadamu hukaa katika joto la kiasi cha nyuzi 37, na ukizidi nyuzi chache mtu huwa mgonjwa. Ngamia aliyenyimwa maji huuachia mwili wake upande joto mchana mpaka karibu ya nyuzi 41, na usiku hushuka mpaka karibu ya nyuzi 34. Kwa njia hii hana haja ya kutoa jasho jingi mchana. Joto hujilimbikiza mwilini mwake, kisha hutolewa katika baridi ya usiku bila ya kugharimu tone la maji. Mtu akipoteza katika jua kali maji yenye uzito wa kiasi cha asilimia 12 ya mwili wake huwa katika hatari ya kufa, kwa sababu damu yake huwa nzito na moyo hushindwa kuisukuma. Ngamia huweza kupoteza robo ya uzito wake, na damu yake ikaendelea kupita, kwani maji mengi hutoka katika sehemu nyengine za mwili.

Na anapoyafikia maji, huweza kunywa zaidi ya lita 100 kwa muda wa dakika 10 hivi. Lau mnyama mwengine angelifanya hivyo, chembe nyekundu za damu yake zingelijaa maji na kupasuka. Chembe za ngamia zina umbo la yai, tofauti na za wanyama wengine wanaonyonyesha, na huweza kuvimba zaidi ya mara mbili ya kiasi chake pasi na kupasuka.

Sasa na izingatiwe hukumu inayotoka katika maumbile haya. Kule kupanda na kushuka kwa joto hutokea kwa wingi pale ngamia anapokosa maji. Ngamia anayenyweshwa kama inavyotakiwa joto la mwili wake hubadilika kwa kiasi kidogo tu, nyuzi mbili hivi. Maana yake ni kwamba mwili wa ngamia unajua kuwa una kiu, na hapo hushika njia ya dharura. Kustahimili si kutohisi. Mtu anayesema, "Huyu ni ngamia, hana haja ya maji leo," amefanya subira ya mnyama kuwa ni hoja ya kumdhulumu, na huenda hili ndilo kosa la kijana wa Madina. Imepokewa na Muslim kwamba Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza wasafiri wanaopita katika ardhi yenye neema wawape ngamia haki yao ya malisho, na wanaopita katika ardhi kavu waharakishe mwendo ili wanyama wafike wakiwa bado wana nguvu. Maelekezo hayo yalitolewa karne 13 kabla ya mtu yeyote kupima joto la mwili wa ngamia.

Wanachuoni wa fiqhi hawakuliacha jambo hili katika mlango wa hisani peke yake. Al-Izz bin Abdissalaam, mwanachuoni wa madhehebu ya Shafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliziorodhesha haki za wanyama juu ya binadamu: kumlisha na kumtunza mnyama hata kama amezeeka au amekuwa mgonjwa kiasi cha kutopatikana tena faida kwake, kutombebesha asichokiweza, kutomweka pamoja na mwenye kumdhuru, na kutowachinja watoto wake mbele ya macho yake. Sharti la mwanzo ndilo zito. Mnyama aliyekwisha kutoa maziwa na nguvu zake zote bado ana deni kwa mwenyewe.

Kasa wa Ras al-Jinz

Familia nyingi zinazoishi Maskat huwachukua watoto wao mpaka Ras al-Jinz, karibu na Sur, ili wawaone kasa wakipanda pwani kutaga usiku. Ni safari njema, na tangu mwaka 1996 sehemu hiyo imelindwa kwa amri ya serikali. Lakini ziara hiyo hiyo, ikifanywa bila ya ujuzi, huweza kuwa ni maangamizi ya wale waliofuatwa kutazamwa.

Kasa jike anayepanda pwani ana uzito wa kilo 100 na zaidi, na mwili wake umeumbwa kwa ajili ya bahari. Akiwa nchi kavu hujiburura kwa shida, hupumzika kila baada ya hatua chache, na hupumua kwa nguvu. Huchimba shimo kwa makasia yake ya nyuma bila ya kuliona, hutaga kiasi cha mayai 100, hulifukia, kisha hurejea baharini asimwone mtoto wake hata mmoja. Wazee wa pwani husema kasa analia kwa uchungu wa kuzaa, kwani machozi mazito humtoka muda wote huo. Ukweli ni kwamba machozi yale ni chumvi. Kasa hunywa maji ya bahari, na Mwenyezi Mungu amemjaalia tezi karibu na macho zinazoitoa chumvi iliyozidi mwilini. Baharini machozi hayo hayaonekani. Nchi kavu ndipo yanapobainika.

Kasa huyo huenda ana umri wa miaka 30, kwani hukaa muda mrefu mno kabla ya kuwa tayari kutaga, na amerudi katika pwani za upande ule ule alikozaliwa. Alikwishaogelea mbali sana katika bahari isiyo na alama. Uchunguzi uliofanywa juu ya kasa umeonyesha kwamba wana uwezo wa kuihisi sumaku ya dunia, na kwa hiyo hujua walipo na wanakokwenda bila ya kuona nchi. Wakati wa kupanda pwani, na kabla ya kuanza kutaga, huwa ni mwenye hofu. Mtu mmoja akimmulika tochi usoni, au watoto wakimkimbilia kwa kelele, hugeuka na kurudi majini bila ya kutaga, na kazi yote ile ya kujiburura ikawa bure.

Mayai hukaa mchangani kiasi cha miezi miwili. Hapana mama wa kuyaatamia. Joto la mchanga ndilo linaloyalea, na joto hilo hilo ndilo linaloamua mtoto awe jike au dume. Mchanga wa joto zaidi hutoa majike, na wa baridi zaidi hutoa madume. Watoto wakishaangua, huchimba wote kwa pamoja kwenda juu kwa siku kadhaa, kwani mmoja peke yake hawezi, na mara nyingi hungojea mpaka uso wa mchanga upoe ndipo watoke. Upoaji huo ndio unaowajulisha kuwa usiku umeingia na shakwe wamelala.

Hapo pana jambo la kuwafahamisha watoto kabla ya kufunga safari. Mtoto wa kasa akitoka mchangani haijui bahari. Anachokijua ni kwamba upande wenye mwangaza zaidi karibu na ardhi ndio wa kuukimbilia, na kwa maelfu ya miaka upande huo ulikuwa ni bahari, inayong'aa kwa mwezi na nyota. Ikiwa nyuma yake pana taa ya gari, taa ya hema au simu ya mkononi iliyoinuliwa ili kupiga picha, ataikimbilia hiyo. Ataelekea bara, na asubuhi jua litamkausha, au mbweha na kaa watamla kabla ya hapo. Kwa hiyo waongozaji wanapokataza tochi na picha, lisichukuliwe kuwa ni ukali wa maofisa. Baba anayezima taa za gari yake mapema na kuwaketisha wanawe gizani kimya amewaokoa viumbe ambao hatawaona.

Kwa familia zenye asili ya Unguja na Pemba jambo la kasa lina upande mwengine. Kasa hutaga pia katika Kisiwa cha Misali na pwani nyengine za huko, na baadhi ya watu bado huila nyama yake. Mwezi wa Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walikufa baada ya kula nyama ya kasa, na watu 78 walilazwa hospitali. Baadhi ya kasa hukusanya sumu mwilini mwao kutokana na vyakula vyao vya baharini. Sumu hiyo haina rangi wala harufu ya kuijulisha, haiondoki kwa kupikwa, na huwadhuru zaidi watoto wadogo na wazee. Wenye jamaa visiwani wanapopiga simu nyumbani, habari hii ni ya kufikishwa.

Choroa aliyepotea mara mbili

Wanyama wanaowindwa nao wana haki, na mfano wake uko katika ardhi ya Oman yenyewe. Choroa wa Bara Arabu, ambaye Waarabu humwita al-maha, ni mnyama mweupe mwenye pembe mbili ndefu zilizonyooka, na anapotazamwa ubavuni pembe hizo huonekana kama moja. Huishi katika tambarare kavu mno na huweza kukaa miezi mingi bila ya kunywa maji, akitosheka na unyevu wa majani na umande wa alfajiri. Weupe wake hurudisha mionzi ya jua. Wakati wa baridi, manyoya ya miguu yake huwa meusi zaidi ili yapokee joto. Wanaomfahamu husema kuwa kundi lake ni la upole, na mara nyingi huonekana wakigawana kivuli cha mti mmoja bila ya kupigana.

Mnyama huyu alistahimili jangwa kwa zama na zama, lakini hakustahimili gari na bunduki. Katika miaka ya 1950 na 1960 wawindaji walimfukuza kwa magari mpaka katika sehemu ambazo ngamia wao wasingewafikisha. Mwaka 1962 watu waliohofia kumalizika kwake walikwenda kuwakamata wachache waliobaki karibu na mpaka wa Aden ya Mashariki. Aliyeongoza msafara huo alikuwa Ian Grimwood, mkuu wa hifadhi ya wanyama pori wa Kenya, na choroa waliopatikana walipelekwa kwanza Kenya kabla ya kuvushwa kwenda Marekani. Walikuwa watatu tu, madume wawili na jike mmoja. Waliongezewa mmoja kutoka London, mmoja kutoka Kuwait na wanne waliotolewa na Mfalme Saud wa Saudi Arabia. Jumla yao ikawa tisa, na kutokana na hao tisa lilikuzwa kundi katika mji wa Phoenix.

Tahadhari hiyo ilikuwa na sababu. Mwezi wa Oktoba 1972, katika Jiddat al-Harasis, majangili waliwaua choroa wa mwisho waliokuwa wakiishi huru duniani. Kwa miaka 10 hapakuwa na hata mmoja nje ya ua.

Tarehe 31 Januari 1982, choroa 10 walifunguliwa katika Jiddat al-Harasis, na walinzi wao walikuwa ni watu wa kabila la Harasis, ambao baba zao walimjua mnyama huyu kwa nyayo zake. Kundi liliongezeka. Mwaka 1994 hifadhi hiyo iliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia, na ilipofika mwaka 1996 choroa walikuwa wamekaribia 450. Ingelitosha kuishia hapo, na kisa kingelikuwa kizuri. Lakini mwaka huo huo ujangili ulianza tena. Safari hii majangili hawakufuata nyama. Walitaka majike walio hai kwa ajili ya kuwauza kwa watu wenye mali wanaopenda kuwa na wanyama adimu majumbani mwao, na wengi katika waliokamatwa walikufa kwa hofu na kwa ubaya wa kufungwa na kubebwa. Ilipofika mwaka 2007 walibakia porini kiasi cha 65. Hifadhi ilikwishapunguzwa kwa asilimia 90, na mwaka huo ikafutwa katika orodha ya urithi wa dunia. Ilikuwa ni mara ya kwanza kwa sehemu yoyote duniani kufutwa.

Mtu aliyenunua choroa kwa siri ili wageni wake wamwone bila shaka alijiona kuwa ni mpenzi wa wanyama. Kupenda kumiliki na kupenda kuhurumia huvaa nguo moja, na tofauti zao huonekana kwa mnyama, siyo kwa mwenyewe. Leo choroa wa Oman huzalishwa na kulindwa ndani ya uzio katika hifadhi hiyo, iitwayo sasa Hifadhi ya Al-Wusta. Katika nchi nyengine za Bara Arabu pia wamerudishwa jangwani, hata mwaka 2011 mnyama huyu akatolewa katika daraja ya walio hatarini zaidi. Hapana mnyama mwengine kabla yake aliyekuwa amemalizika porini kisha akafika daraja hiyo.

Wadudu wa jikoni

Kwa ufupi, huruma haikuwekewa mpaka wa ukubwa wa mwili. Bukhari amepokea kisa cha mtume mmoja katika mitume wa kale aliyeumwa na sisimizi mmoja, akaamrisha kijiji chao kizima kichomwe moto. Akalaumiwa na Mola wake kwa kuuangamiza umma unaomsabihi kwa kosa la mmoja. Na ni umma wenye hesabu. Wachunguzi waliowafuatilia sisimizi wa Sahara waliwaongezea baadhi yao urefu wa miguu kwa vijiti vyembamba, na wengine wakawafupishia. Matokeo yalitangazwa mwaka 2006: wenye miguu mirefu walilipita shimo lao wakati wa kurudi, na wenye mifupi walisimama kabla ya kulifikia. Ikabainika kuwa sisimizi hupima masafa kwa hatua zake. Mama mwenye nyumba ana ruhusa ya kuondoa madhara jikoni kwake, na kufuta sukari iliyomwagika hutosha mara nyingi kuliko maji ya moto.

Paka wa nyumbani

Ngamia yuko mbali na nyumba nyingi za mjini, lakini paka yuko ndani. Imepokewa kwamba Abu Qatada (R.A.) aliinamisha chombo cha maji yake ya udhu ili paka anywe, na Kabsha, mke wa mwanawe, alipomtazama kwa mshangao, alimweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaowazungukia watu majumbani mwao.

Kitendo kile cha kuinamisha chombo kina faida ambayo elimu ya leo imeifafanua. Paka wa majumbani, kama ulivyoonyesha uchunguzi wa nasaba zao uliotangazwa mwaka 2007, wanatokana na paka mwitu wa nchi za Mashariki ya Kati. Asili yao ni sehemu kavu. Figo zao hubana mkojo sana, na hamu yao ya kunywa ni ndogo, kwa kuwa porini maji mengi huyapata katika mwili wa windo. Paka anayelishwa chakula kikavu ndani ya nyumba yenye kiyoyozi hapati windo hilo, na kiu yake haimsukumi kunywa inavyotakiwa. Basi awekewe maji safi sehemu zaidi ya moja, mbali na chakula, na apewe chakula chenye unyevu. Paka dume anayekwenda mara kwa mara kwenye sanduku lake la mchanga akajikamua bila ya kutoa mkojo apelekwe kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, kwani mkojo ukiziba huweza kumuua kwa siku moja au mbili.

Wengi hudhani paka anayekoroma ana raha. Huenda ikawa hivyo, lakini paka hukoroma pia anapokuwa na maumivu makali, na hata anapokaribia kufa. Dalili ya kuaminika zaidi ni kuacha kula na kujificha chini ya kitanda. Paka, na hasa aliyenenepa, akikaa siku chache bila ya kula ini lake huharibika. Na asipewe dawa za binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli, ambacho mama humpa mwanawe kwa nia njema, huweza kumuua paka, kwani mwili wake hauna njia ya kuiondoa dawa hiyo. (Watoto wanaompa halwa hawamdhuru sana kwa kipande kidogo, ila wanajisumbua: paka hana uwezo wa kuuonja utamu.)

Linalohuzunisha zaidi hutokea mwishoni mwa mkataba wa kazi. Familia inafunga mizigo, nyumba inarejeshwa kwa mwenyewe, na paka aliyelelewa humo tangu uchanga anashushwa nje na kuachwa. Kinachotajwa kuwa ni hoja ni hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia mpaka akafa, hakumlisha wala hakumwacha ajilie vya ardhini. Husemwa kwamba ikiwa kumfungia ndiyo dhambi, basi kumfungulia ni salama. Lakini hadithi inazungumzia paka awezaye kujilisha. Kuwinda ni ujuzi ambao paka mdogo hujifunza kwa mama yake, na aliyekua akiokota chakula katika sahani ndani ya ghorofa hakuupata. Humfungulii aende kwenye riziki, bali humfungulia katika joto la nyuzi 45 la mwezi wa Juni, miongoni mwa magari na paka wa mtaani wenye kulinda mipaka yao. Hali yake haiko mbali na ya yule aliyefungiwa.

Anayejua kwamba ataondoka ana njia mbili. Ya kwanza ni kumtafutia paka nyumba kwa watu anaowajua, na kumpeleka kwao siku kadhaa kabla ya safari pamoja na sahani yake na blanketi lake, ili azoee harufu ya nyumba mpya kukiwa na kitu anachokijua. Ya pili ni kusafiri naye. Nchi nyingi hutaka chanjo ya kichaa cha mbwa iliyochomwa wiki kadhaa kabla ya safari, cheti cha daktari wa wanyama na kibali cha kuingiza mnyama, na mashirika ya ndege hayakubali kila mnyama katika miezi ya joto. Maulizo hayo yaanze siku ile ile zinapoanza kutafutwa tiketi za watoto.